Uzi wa Hitaji Namba Arobaini na Moja

Katika nchi yetu hakuna hitaji la mwananchi lililowahi kupotea. Hata moja. Narudia, maana najua huko kwenu mnapeleka ombi serikalini halafu mnakaa miaka kumi mkichungulia barabarani kama watu wanaomngoja mgeni aliyekwisha kufa. Sisi tulishavuka huko. Sisi tuna uzi.

Jina la nchi sitalitaja. Siyo kwamba naogopa. Limebadilishwa mara tatu mwaka huu, na kibao cha jina la nne bado kiko kwa fundi rangi. Nikitaja la zamani nitaitwa mpinzani, nikitaja jipya nitaitwa mvujisha siri. Tuseme tu nchi yetu, inatosha.

Zamani, kabla ya uzi, mambo yalikuwa ya aibu kidogo. Serikali ilikuwa ndiyo kwanza inatengeneza mifumo ya kompyuta kwa ajili ya wananchi. Wakulima wakaomba programu ya kuwaambia mvua itanyesha lini, wakaletewa programu ya kuwaambia jana ilikuwa siku gani. Walimu wakaomba mfumo wa kuandikisha wanafunzi, wakapata mfumo wa kuandikisha walimu wanaolalamika. Huo wa pili, kusema kweli, ulifanya kazi vizuri sana.

Bunge likachachamaa. Hapo ndipo aliposimama Mheshimiwa Profesa Ndalahwa, akavuta suruali juu, akanywa maji glasi mbili, akasema: "Ndugu wabunge, tatizo siyo kwamba hitaji la mwananchi halitimizwi. Tatizo ni kwamba hatujui limeanza kutotimizwa kuanzia wapi!"

Makofi yalipigwa mpaka popo wakatoka darini. Jioni ile ile akawa Waziri wa Ufuatiliaji wa Mahitaji, na wizara ikapewa jengo lake refu lenye vyumba vitano vilivyofuatana kama mabehewa: Mapokezi, Uchambuzi, Usanifu, Ujenzi, Upimaji.

Utaratibu ni mwepesi, hata wewe unayesoma huku unasinzia utauelewa. Mwananchi anakuja na hitaji lake kwa maneno yake, na uzi wake kwa mkono wake. Uzi lazima uwe wake, asije akasema baadaye tulimfuatilia mtu mwingine. Unapimwa urefu, unaandikwa kitabuni. Ncha inafungwa kwenye msumari wa Mapokezi, karatasi ya hitaji inabanwa hapo kwa kibanio cha nguo, kisha uzi unapenyezwa kwenye tundu la ukutani kwenda chumba cha pili, cha tatu, mpaka cha tano. Kila chumba kinaandika karatasi yake na kuibana. Siku ukitaka kujua kitufe fulani kwenye kompyuta kimezaliwa na nani, unashika uzi, unarudi nao nyuma mpaka msumarini.

Kuna mwiko mmoja tu. Chumba husoma karatasi ya chumba jirani, basi. Anayeruka chumba na kwenda kusoma karatasi ya mbali amekosa adabu, ni kama mtu anayemwamkia babu kwa kupitia juu ya kichwa cha baba. Mtaalamu mmoja aliwahi kuchungulia vyumba viwili nyuma. Siku hizi yuko kisiwa fulani anahesabu nazi.

Na mimi? Naitwa Zabroni, Mshika Uzi Daraja la Pili. Kazi yangu ni kuvuta uzi kutoka chumba hadi chumba na kuhakikisha haukatiki. Nimemaliza kidato cha nne. Divisheni nayo iko kwa fundi rangi. Korido ya wizara ni ndefu, sakafu yake ni ya kokoto, na viatu tunajinunulia wenyewe. Hilo la viatu nimelisema tu, lisiwashughulishe.

*

Mwezi wa kumi, siku ambayo nilikuwa nimeshikilia meza ya Mapokezi, alikuja Nesi Gaudensia wa zahanati ya Ng'ambo. Mama wa miaka hamsini na kitu, mikono mipana, sauti ya mtu aliyezoea kuwaambia watu wasukume.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Hapa ndipo mnapopokea shida?"

"Hapa tunapokea mahitaji, Mama. Shida ni jengo la nyuma."

Akanitazama. Akakaa.

"Basi andika. Nataka nikibonyeza kwenye simu ya zahanati, gari la wagonjwa litoke wilayani lije, hata kama mtandao umelala. Masika yakianza, mtandao wa kwetu hulala kabla ya kuku. Nina wajawazito kumi na mmoja. Mmoja wao, Mwajabu, uzazi wa kwanza aliponea chupuchupu. Huu wa pili unaangukia masika katikati. Gari lisipofika kwa wakati, namzika. Umeandika?"

"Nimeandika mpaka 'chupuchupu'."

"Andika na namzika."

Nikaandika. Nikagonga muhuri: Hitaji Namba Arobaini na Moja.

"Uzi umekuja nao?"

Akafungua mkoba, akatoa kibunda cha uzi wa pamba, rangi ya zambarau iliyoiva. "Ni uzi wangu wa kufungia vitovu vya watoto. Nimeuchemsha mwenyewe, nikauchovya dawa ya vidonda ili usichanganywe na wa mtu. Kata unachotaka, nirudi na mwingine."

"Hatukati, Mama. Kukata ni kosa. Tunachukua wote."

"Wote? Zahanati haijaletewa mwingine tangu mwaka juzi. Nitafungia nini vitovu?"

"Utarudishiwa hitaji likitimia. Iko kwenye kanuni."

"Lini?"

"Kabla ya masika." Nikaweka mkono kifuani kama nilivyomwona Waziri akifanya. "Na mimi mwenyewe ndiye mlinzi wa uzi wako. Utaukuta kama ulivyouacha."

Ulipimwa: mita sitini na nne kamili. Akaufunga mwenyewe msumarini, fundo la kikunga, lile ambalo ukilivuta linazidi kukaza. Kisha akaondoka akigeuka nyuma mara mbili, kama mtu aliyeacha mtoto kwa jirani asiyemjua vizuri.

*

Chumba cha Uchambuzi ni cha Bwana Hatibu Kisoma, mtu mwenye miwani miwili, mmoja wa kusomea na mmoja wa kuonekana. Alilisoma hitaji akakunja uso.

"Zabroni, haya ni maneno ya kisimani. Masika! Kuku! Chupuchupu! Hitaji la kitaalamu halina mvua wala mwanamke ndani yake. Hayo yanaitwa mazingira."

"Na gari, Bwana Kisoma?"

"Gari ni mali ya Wizara ya Magari. Tukiliandika, watatushtaki."

Akachambua siku kumi na nne. Mambo yalipokwisha kuchambuka, ilibaki hivi: *Mtumiaji awe na uwezo wa kubonyeza na kupata mwitikio, pasipo kutegemea mtandao.* Akaibana kwenye uzi, akajipongeza kwa chai.

Usanifu wakasoma karatasi ya Uchambuzi, na hiyo peke yake, kwa adabu zao. Wakaelewa kwamba kinatakiwa kitufe. Wiki tatu wakabishana kama kiwe cha duara au cha yai, na kama wekundu wake uwe wa nyanya au wa bendera. Wekundu wa bendera ulishinda kwa sababu wa nyanya hakuna aliyethubutu kuupigia kura hadharani. Kuhusu kitufe kinafanya nini, wakaandika kwa busara kubwa: *Mwitikio utakuwa kama ulivyoelekezwa kwenye karatasi ifuatayo uzini.* Na karatasi ifuatayo, ya kuelekeza mwitikio, wakaibana mbele kidogo. Sikuisoma. Nadhani ilitaja ujumbe wa dharura kwenda wilayani. Nadhani tu.

Kuhusu kilichotokea koridoni kati ya Usanifu na Ujenzi, mimi sina la kusema. Ilikuwa mchana, nje yalikuwa yanapita maandamano ya hiari ya kuipongeza wizara, yale ambayo asiyekwenda anakatwa jina, na walikuwa wanagawa soda. Nilikuwa na haraka ya kizalendo. Nilitoka kidogo, nikarudi, nikaukuta uzi umeingia kwenye tundu la Ujenzi kama kawaida. Kwa nini nisiwe na amani?

*

Ndani ya Ujenzi hukaa kijana mmoja aitwaye Lusajo, anayeandika programu huku amevaa sweta hata kwenye joto. Ni rafiki yangu, ila ana tabia mbaya ya kufikiri.

Alishika ule uzi akaniita. "Zabro, njoo uone. Karatasi ya kwanza inasema kitufe, kile cha yule nesi wa gari la wagonjwa uliyenisimulia. Ya pili, ya mwitikio, inasema hivi: *Mwananchi akifanya jambo lolote kwenye kompyuta, asikie sauti ya Mheshimiwa Waziri ikimshukuru.* Hili si ni Hitaji Namba Moja? Lile Waziri alilojiombea mwenyewe?"

"Ehe?"

"Sasa nesi na hotuba ya Waziri wamekutania wapi?"

"Kaka, uzi haudanganyi. Umeletewa nini? Kitufe na mwitikio. Kitufe kipo? Kipo. Mwitikio upo? Upo. Unataka nini tena, biriani?"

"Hata rangi ya uzi inabadilika hapa. Nyuma zambarau, mbele dhahabu."

"Ni mwanga."

"Niende Mapokezi nikasome alichoandika nesi mwenyewe. Dakika moja tu."

"Uruke vyumba viwili? Lusajo, kule kisiwani nazi bado ni nyingi."

Akavuta sweta. Akaandika programu usiku na mchana siku tisa, na kwa kuwa ni fundi kweli, sauti ya Waziri ilitoka safi kuliko Waziri mwenyewe.

Ikapelekwa Upimaji kwa Bi Rukonge, mama asiyecheka, ambaye msumeno wake ni kalamu. Alikibonyeza kitufe mara elfu nne. Kikaitika mara elfu nne. Kidole chake kikapewa likizo ya wiki mbili kwa barua.

"Bi Rukonge," Lusajo alimuuliza mlangoni, "ukibonyeza, gari linakuja?"

"Gari gani?" Akaipitisha karatasi yake juu mpaka chini. "Hapa kuna neno gari?"

"Hakuna."

"Basi usiniletee magari chumbani kwangu." Akapaka rangi ya kijani kwenye ubao mkubwa wa wizara. Hitaji Namba Arobaini na Moja: kijani, kijani, kijani, kijani, kijani. Wageni kutoka nchi tajiri walikuja kuupiga picha. Mmoja alitokwa na machozi, akasema kwao hawana kitu kama kile. Nilimwamini.

*

Uzinduzi ulifanyika zahanati ya Ng'ambo, mwezi wa pili. Maturubai matatu, vipaza sauti sita, na wajawazito kumi na mmoja wamepangwa mstari wa mbele juani ili wanufaike kwa karibu.

"Wananchi!" akanguruma Mheshimiwa Ndalahwa. "Mlisema hatusikii. Leo tumesikia, tumefuatilia, tumetimiza asilimia mia moja! Na kama ingekuwepo asilimia mia moja na kumi, tungeifikia kabla ya chakula cha mchana!"

Nesi Gaudensia akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, naomba tukijaribu hicho kitufe."

"Mama, kimeshajaribiwa mara elfu nne. Tusikichoshe."

"Na uzi wangu, baba?"

"Uzi upo kwenye tathmini." Akanigeukia. "Si ndiyo, kijana?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Upo imara kabisa. Mimi mwenyewe naushuhudia kila siku nikitembea."

Na huo ulikuwa ukweli mtupu. Wekeni alama.

*

Masika yalikuja na hasira zake. Mtandao ukalala. Saa moja ya asubuhi, siku ya nne ya mvua mfululizo, Mwajabu akashikwa na uchungu, na damu ikatangulia.

Nesi Gaudensia akabonyeza kitufe.

"Mimi ni Waziri wako," kikasema. "Asante kwa kubonyeza. Serikali yako sikivu imekusikia. Endelea kutulia."

Lazima niwe mkweli hapa: kilifanya kazi bila mtandao. Sehemu hiyo ya hitaji ilitimia kikamilifu.

Akabonyeza tena. Akashukuriwa tena. Akabonyeza mara tisa. Mara ya tisa, mume wa Mwajabu, mtu mpole anayefuga nyuki, aliichukua ile simu akaitupa matopeni, nayo ikaendelea kumshukuru kutoka matopeni.

Wanaume wakang'oa mlango wa zahanati. Wakamlaza Mwajabu juu yake, wakafunika kwa turubai lililobaki siku ya uzinduzi, lenye picha ya Waziri anayetabasamu, wakaanza kwenda kwa miguu. Mtoto alizaliwa juu ya daraja, saa nne, wanaume wanne wamesimama wamegeuza nyuso pembeni, mlango wameushusha usawa wa kiuno. Nesi Gaudensia akaingiza mkono mkobani kutafuta uzi. Hakukuwa na uzi. Akaling'ata pindo la kanga yake, akachomoa nyuzi moja moja, akazisokota kwa vidole, akafunga kitovu.

Mtoto alilia. Mwajabu hakulia, hakuwa na nguvu. Alilazwa hospitali ya wilaya wiki tano, na madaktari walisema nusu saa zaidi wangemkosa. Mtoto ni wa kike. Bibi yake alitaka aitwe Mlango, baba akakataa.

Mtandao ulipoamka siku ya tatu, ubao wa wizara ulipokea taarifa kutoka Ng'ambo: mafanikio tisa kwa asubuhi moja. Rekodi ya taifa. Mheshimiwa aliposikia habari ya mlango hakutetereka: "Na mlango ule uliwekwa na nani? Si serikali? Kwa hiyo ni sisi tuliombeba!"

*

Mambo yangeishia hapo kwa amani kama Nesi Gaudensia asingepanda mjini. Alikuja amevaa ile ile kanga, pindo limechanika. Akakaa kwenye ngazi za wizara siku mbili, kila anayepita anamwambia: "Nimekuja kuchukua uzi wangu. Hitaji si mmesema limetimia? Nipeni uzi wangu." Watu wakaanza kusimama kusikiliza. Watu wakisimama pamoja nchini kwetu, serikali huunda tume haraka kabla hawajakaa.

Ikaundwa Tume ya Kutafuta Ncha, mwenyekiti Jaji mstaafu Kolowa, mzee asiyesikia vizuri sikio la serikali, ila la pili zima. Tume iliamuru uzi ushikwe Upimaji na kurudishwa nyuma, chumba kwa chumba, mbele ya mashahidi. Mimi, kama mtaalamu, ndiye niliyetangulia mbele.

Upimaji: uzi wa dhahabu. Ujenzi: dhahabu. Lusajo aliiangalia sakafu. Tukatoka koridoni kuelekea Usanifu, na hapo, sentimita chache kutoka tundu la ukuta, lilikuwepo fundo. Upande mmoja dhahabu ya Waziri, upande mwingine zambarau. Kipande cha mbele cha zambarau, chenye ile karatasi ya ujumbe wa dharura, kilikuwa kimeviringwa nyuma ya kabati la kuzimia moto.

"Pimeni," akasema Jaji.

Wakapima zambarau yote, ya mbele na ya nyuma. Kitabu kilisema mita sitini na nne. Sakafuni zilikuwa sitini na tatu na nusu.

"Nusu mita haipo. Mshika Uzi, ieleze Tume."

Nikakohoa. Nikaweka mkono kifuani. "Mheshimiwa Jaji, kwa mujibu wa uzoefu wangu wa kitaalamu, ni panya. Panya wa korido hii wana elimu."

"Panya amekata."

"Amekata, Mheshimiwa."

"Kisha akafunga fundo."

"Panya wa siku hizi, Mheshimiwa…"

Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, kidogo, kwa heshima. Aliyekuwa hacheki ni Nesi Gaudensia. Alikuwa amekaa kwenye benchi la chini, benchi ambalo ukilikalia macho yako yanakuwa sawa na miguu ya watu.

"Jaji," akasema. "Naomba huyu kijana anyanyue mguu wa kushoto."

"Mama," nikamwambia, "mguu wangu haumo kwenye hadidu za rejea."

"Nyanyua," akasema Jaji Kolowa.

Nikanyanyua wa kulia.

"Wa kushoto, mwanangu," akasema Nesi, kwa sauti ile ile ya kuwaambia watu wasukume.

Sasa nyie msinitazame hivyo. Kandambili ilikatika ukanda pale pale koridoni, maandamano yanapita, soda zinaisha. Ningekwenda kuipongeza wizara pekupeku? Nilikata kipande kidogo tu, katikati. Uzi ukawa mfupi, haufiki tunduni. Wa Waziri ulikuwa unapita hapo hapo karibu, unafika. Nikaunga, kile cha mbele nikakisukuma nyuma ya kabati. Mtu yeyote angeunga. Na kwa kuwa ulikuwa uzi mzuri, umechemshwa, nilisahau kabisa kama upo. Miezi mitano ya kokoto, haujalegea. Ndicho kitu pekee katika wizara nzima kilichofanya kazi yake.

Nikanyanyua. Chini ya soli, fundo jeusi kwa vumbi. Juu yake, pembeni mwa dole gumba, zambarau.

Nesi Gaudensia akaja, akapiga magoti, akalifungua mwenyewe kwa kucha, taratibu, kama anafungua kitu kinachoweza kuumia. Ukanda ukachomoka, kandambili ikaanguka. Akaupangusa uzi kwenye kanga yake, akaunyoosha kwenye rula ya Tume. Nusu mita kamili.

Bwana Kisoma akavua miwani yote miwili. Nami nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja, mbele ya Jaji, Lusajo, Bi Rukonge na taifa, nikajitetea kwa lile lile nililowaambia nyie mwanzoni: kwamba katika nchi yetu hakuna hitaji la mwananchi lililowahi kupotea. Hata moja.

"Kweli, mwanangu," akasema Nesi Gaudensia, akiuzungusha ule uzi kidoleni. "Langu halikupotea. Muda wote huu ulikuwa unalikanyaga."